Pameguswa Wapi?

Fundi simu mzoefu wa Magomeni haanzi na bisibisi. Anaiwasha simu, anaishika alama ya programu moja kwa kidole mpaka inyanyuke, kisha anaiburuza polepole kutoka kona ya juu kushoto hadi kulia. Anashuka kidogo, anarudi kushoto, anashuka tena, mpaka anafika chini kabisa. Mwenye simu, aliyesimama upande wa pili wa meza akiwaza bei, anaweza kudhani anapotezewa muda. Kumbe kazi imeshaanza. Alama ikidondoka njiani kabla kidole hakijainuka, fundi anarudia palepale. Ikidondoka tena, ameshaupata ukanda uliokufa. Sasa anaangalia kama ukanda huo umelala au umesimama, kama uko peke yake au umekufa pamoja na jirani zake. Simu haijafunguliwa bado, na nusu ya jibu anayo.

Magomeni ninayoisema si ile ya Dar es Salaam. Ni kata ya Kilosa, mkoani Morogoro, mji ulioletewa reli na Wajerumani na ambao tangu 2024 unapitiwa pia na treni ya umeme ya SGR iendayo Dodoma. Mto Mkondoa uko jirani, na kuizunguka wilaya kuna mkonge, mahindi na mpunga. Simu zinazofika kwenye meza za mafundi wa huku zimeshinda kwenye mifuko ya suruali za shamba, zimenyeshewa, zimekaliwa kwenye bodaboda. Sehemu kubwa ni Tecno, Infinix, itel na Samsung za bei ya wastani, na kila moja, hata ile ya bei rahisi kuliko zote, ina kioo ambacho miaka ishirini iliyopita kingekuwa kitu cha maonyesho.

Ninachokihusudu kwa mafundi hawa ni kwamba wameisoma fizikia kuanzia mwisho. Mhandisi aliyebuni kioo alianza na kanuni, akafika kwenye kioo. Fundi anaanza na kioo kilichokufa, anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka anaigusa kanuni yenyewe, hata kama hajawahi kuitaja kwa jina. Kila aina ya kioo cha kugusa ina namna yake ya kujibu swali moja, pameguswa wapi, na kwa hiyo ina namna yake ya kufa. Anayezijua hizo namna za kufa hana shida ya kukueleza kioo kinavyoishi.

Wakongwe wa kazi hii wanazikumbuka simu za mwanzo za kupangusa, ambazo kwa kweli zilikuwa za kubonyeza. Nokia 5800 ya mwaka 2008 ilikuwa hivyo, na Nokia Asha 305 ya mwaka 2012, ile ya laini mbili, na simu chungu nzima za Kichina zilizokuja na kijiti cha plastiki kilichochomekwa ubavuni. Juu kulikuwa na utando wa plastiki unaobonyea kidogo. Chini yake palikuwa na kioo kigumu. Nyuso mbili zinazotazamana zilipakwa mpako unaopitisha umeme bila kuzuia mwanga, na katikati vikatawanywa vinundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ili nyuso hizo zisikutane mpaka mtu abonyeze.

Hesabu yake inapendeza kwa urahisi wake. Simu inapitisha volti kwenye uso mmoja kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, na volti hiyo inapungua kadiri unavyosogea. Ukibonyeza, uso wa pili unaugusa wa kwanza na kuichukua volti ya mahali hapo. Ikisomeka nusu, kidole kiko nusu ya njia. Ikisomeka robo, kiko robo. Halafu nyuso zinabadilishana zamu: wa pili unapitishiwa volti kutoka juu hadi chini, wa kwanza unasoma. Vipimo viwili, na mahali pamejulikana. Kioo hiki hakiulizi kimeguswa na nini. Kidole, ukucha, kijiti cha kiberiti, ncha ya kalamu, vyote kwake ni kimoja, mradi kuna nguvu ya kubonyea.

Aliyekianzisha hakuwa akitafuta kioo. Samuel Hurst, mwanafizikia wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha Kentucky akiwa na rundo la grafu za kusomwa nukta kwa nukta. Badala ya kukalisha watu wazisome, akatengeneza ubao unaopitisha umeme: weka grafu juu, gusa nukta kwa kalamu, namba ziende zenyewe kwenye kompyuta. Mwaka 1971 akaanzisha kampuni ya Elographics. Ubao ule wa kwanza haukuonyesha kilicho nyuma yake. Uangavu ulikuja miaka kadhaa baadaye. Naona ni haki kuvikumbuka vioo hivi kuwa vilizaliwa kutokana na kuchoka kusoma grafu.

Kifo cha kioo hiki ni cha uzee. Plastiki ya juu inachoka pale inapobonyezwa kila siku, na anayeandika Kiswahili anaibonyeza herufi A kuliko nyingine zote. Mpako unapata nyufa, volti inayosomwa si tena ya mahali pake, unabonyeza tano inaandika sita. Dawa ilikuwa kuipanga upya: simu inakuonyesha misalaba kwenye kona, unaigusa mmoja mmoja, nayo inajisahihisha. Lakini fundi aliyeona simu ileile ikirudishwa kwa tatizo lilelile alijua kuwa hakuna tena cha kusahihisha. Baadaye walibuni muundo ambamo vipimo vyote vinafanywa kwenye kioo cha chini na plastiki inabaki kupeleka ujumbe tu, ili ikichoka isivuruge hesabu. Muundo huo ulidumu zaidi, hasa kwenye mashine za viwandani na za hospitali.

Vioo vya kubonyeza havijatoweka. Viko kwenye mashine nyingi za fotokopi zilizozeeka madukani, na kwenye redio nyingi za magari za bei nafuu. Ukitaka kujua, gusa kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa. Ikiitika, ni hicho.

Kuna vioo vingine ambavyo kioo chenyewe hakifanyi lolote. Mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mashine za kufundishia zilizoitwa PLATO IV, ambazo fremu yake ilirusha miale isiyoonekana kukatisha mbele ya kioo, 16 kwa 16. Kidole kikikata miale miwili, mashine ilijua mwanafunzi amechagua kisanduku kipi. Kompyuta ya HP-150 ya mwaka 1983 ilifuata njia hiyohiyo, ikasumbuliwa na vumbi lililoziba matundu ya miale. Leo fremu za namna hii ziko kwenye mbao kubwa za kufundishia. Kwa Kilosa zina adui wake: kumbikumbi wa mvua za kwanza anayefuata mwanga wa kioo na kutua juu yake ni kidole, kwa kadiri mashine inavyoelewa. Na kuna vioo vinavyopitisha mawimbi ya sauti isiyosikika juu ya uso wake. Kidole laini kinayameza mawimbi kidogo na pengo hilo linapimwa. Hivyo ni vya mashine za kuhudumia umma, havikuingia kwenye simu, na fundi wa simu hana haja ya kuvijua.

Kilichoshinda ni kioo kinachopima kinachopotea.

Chini ya kioo cha juu, kile kigumu kinachopasuka simu ikianguka, kuna mistari myembamba ya mpako wa oksidi ya indiamu na bati. Indiamu ni metali adimu inayopatikana kama ziada wakati wa kuyeyusha zinki, na sifa iliyoipa kazi hii ni kwamba mpako wake, ukiwa mwembamba sana, unapitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Mistari mingine imelala, mingine imesimama, na panapokutana hapagusani. Umeme unajikusanya pande mbili za nafasi ile ndogo. Chipu inatuma mpigo kwenye mstari mmoja uliolala na kusikiliza mistari yote iliyosimama, inahamia wa pili, wa tatu, mpaka imalize kioo kizima, kisha inaanza upya. Inazunguka hivyo mara 60, 120 au zaidi kwa sekunde moja, mradi kioo kinawaka.

Kidole kinapofika, mwili wa binadamu, uliojaa maji na chumvi, unavuta upande wake sehemu ya umeme uliokuwa ukivuka kutoka mstari hadi mstari. Kinachofika upande wa pili kinapungua. Mkulima mwenye shamba mwisho wa mfereji ananielewa: haimpasi kumwona jirani aliyechepusha maji huko juu, anajua kwa yale yanayomfikia. Na wizi wenyewe ni mdogo kupita kiasi. Uwezo wa kushika umeme unapimwa kwa faradi. Igawanye faradi moja kwa trilioni moja upate pikofaradi, na kidole kwa kawaida kinapunguza chini ya pikofaradi moja. Chipu ya simu ya bei rahisi inakiona kiasi hicho, usiku na mchana, ndani ya mfuko wenye jasho, na hatuishangai hata kidogo.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi ya hilo. Mistari ile haijasongamana. Katika simu nyingi nafasi kati ya mmoja na mwingine ni milimita nne au tano hivi. Hata hivyo simu inajua kidole kilipo kwa usahihi wa chini ya milimita moja. Inawezekanaje? Kidole ni kinene kuliko nafasi. Kikitua kinafunika makutano kadhaa, na kila makutano yanapoteza kwa kiasi chake: yaliyo chini ya kitovu yanapoteza zaidi, ya pembeni kidogo. Chipu inavipima vyote na kukokotoa kitovu. Unene wa kidole, ambao mtu angedhani ndio kikwazo, ndio unaoleta usahihi. Ndiyo maana kijiti chembamba cha zamani, hata kingekuwa cha chuma, hakifui dafu hapa, na ndizi mbivu inafanya kazi vizuri. Wanaobisha wajaribu.

Fikra hii si ngeni. E. A. Johnson wa Royal Radar Establishment, huko Malvern nchini Uingereza, aliiandika mwaka 1965 akiwawazia waongozaji wa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Frank Beck na Bent Stumpe wa CERN, karibu na Geneva, walitengeneza vioo vyenye vitufe 16 vya kugusa kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa chembe, badala ya kuujaza ukuta swichi na vifundo vya kuzungusha. Vitufe 16 vilitosha, kwa sababu mtu mmoja aligusa kitufe kimoja kwa wakati mmoja. Ugumu ulikuja watu walipotaka vidole viwili.

Hapa ndipo vioo vya mpako vinapogawanyika. Njia rahisi ni kupima kila mstari peke yake: je, huu umeguswa? Kwa kidole kimoja, mstari mmoja uliolala na mmoja uliosimama vitasema ndiyo, na njia panda yao ndipo pameguswa. Weka vidole viwili kwa mshazari, mistari miwili iliyolala na miwili iliyosimama itasema ndiyo, na makutano yao ni manne. Mawili ni ya kweli, mawili ni ya uongo, na chipu haina namna ya kuyatenganisha. Njia ya pili, ile niliyoieleza ya kutuma mpigo huku na kusikiliza kule, inapima kila makutano kivyake, kwa hiyo vidole vikiwa kumi vinaonekana kumi. Wayne Westerman na John Elias walikuwa wakiuza vibao vya kugusa kwa vidole vingi kupitia kampuni yao, FingerWorks, mpaka Apple ilipoinunua mwaka 2005. iPhone ya 2007 ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kukuza picha kwa vidole viwili. Mafundi wanalipima jambo hili kwa mikono yao. Kuna mpangilio ndani ya simu za Android, unaowashwa kwenye mipangilio ya watengenezaji programu, unaochora mstari popote kidole kinapopita. Kwenye Samsung nyingi kuna msimbo *#0*# unaofungua ukurasa wa majaribio. Fundi anabandika vidole vitano. Kioo cha kopi mara nyingine kinaonyesha viwili tu, na hapo bei ya muuzaji wa vioo inajieleza yenyewe.

Kuna wateja ambao simu yao ni nzima. Mzee anakuja na kulalamika kwamba simu aliyonunuliwa na mwanawe haimsikii.

“Shikamoo, babu. Hebu niione.”

“Marahaba. Nikiigusa mimi, kimya. Akigusa mjukuu, inaruka.”

Fundi haendi kwenye kioo. Anaomba kuuona mkono. Kidole kilichoshika jembe miaka arobaini kina sugu, na sugu ni tabaka nene, kavu, lisilopitisha umeme vizuri, lililosimama kati ya nyama yenye maji na mistari ya mpako. Umbali ukiongezeka, kinachochepushwa kinapungua, na chipu iliyowekewa kiwango cha chini inaamua hakuna aliyegusa. Dawa haina bei: gusa kwa ubavu wa kidole, ambako ngozi ni laini, au paka mafuta mikono kabla. Kama simu ina chaguo la kuongeza usikivu kwa ajili ya protekta, fundi analiwasha. Na protekta nene iliyobandikwa juu ya nyingine, ambayo mwanawe aliiweka kwa nia njema, inang’olewa. Mzee anaondoka bila kulipa, au analipa soda. Nakiri kwamba hapa napata uchungu kidogo kwa watengenezaji: kiwango kile cha chini kimewekwa na watu wenye vidole vya ofisini.

Maji yana kesi yake. Tone la mvua likitua juu ya kioo linaunganisha mistari kwa namna inayofanana na kidole, na simu inaanza kufungua vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Chipu za kisasa zinatumia ujanja wa kupima kwa njia zote mbili: tone lililojitenga na mwili linaonekana kwa njia ya makutano, lakini kwa njia ya mstari mmojammoja halionekani sana, kwa kuwa halina mtu nyuma yake wa kuupeleka umeme ardhini. Chipu inalinganisha majibu hayo na kulipuuza. Inafanikiwa mara nyingi, si wakati wa masika ya kweli.

Kisha kuna simu inayojibonyeza yenyewe. Herufi zinajiandika, programu zinajifungua, meseji nusu inatumwa kwa mtu asiyehusika. Mwenyewe amekwisha kuamini kuna mtu ameingilia akaunti yake. Swali la kwanza la fundi ni hili: inafanya hivyo wakati wote, au ikiwa kwenye chaji? Ikiwa ni kwenye chaji tu, mgonjwa ni chaja. Chaja ya bei poa haichuji vizuri mtikisiko wa umeme wa ukutani. Mtikisiko ule unapanda kwenye waya, unaingia kwenye simu nzima, na mtu anapogusa kioo mwili wake unakuwa njia ya kuushusha. Chipu inayotafuta upungufu mdogo kuliko pikofaradi inajikuta ndani ya kelele kubwa kuliko inachokitafuta. Fundi anachomoa, anachomeka chaja yake, anaburuza alama kutoka kona hadi kona. Imetulia. Mteja alikuja na hofu ya bei ya kioo, anaondoka na ushauri wa kununua chaja. Ikiendelea kujibonyeza hata bila chaja, basi ni unyevu ulioingia ukingoni, au betri iliyovimba na kukisukuma kioo kutoka nyuma, na hiyo ya pili inatangulia kushughulikiwa kuliko yote.

Inapobidi kubadilisha kioo, ugumu unatokana na namna matabaka yalivyokuja kushikana. Simu za miaka kumi na zaidi iliyopita zilikuwa na tachi (tabaka la kugusa) yake na kioo cha picha chake, na hewa katikati. Tachi ikifa, unaibandua, unaweka nyingine, kazi imekwisha. Vishikwambi vingi vya bei nafuu bado viko hivyo, na walimu wanaotumia vishikwambi vilivyobaki baada ya Sensa ya Agosti 2022 wanajua kifaa cha namna hiyo kinavyothaminiwa kikiwa kizima. Kwenye simu, mwelekeo ukawa kubana. Samsung mwaka 2010 iliiweka mistari ya kugusa juu ya kioo cha picha chenyewe katika Galaxy S. Apple mwaka 2012 iliiingiza ndani kabisa ya kioo cha picha cha iPhone 5. Simu zikawa nyembamba, picha ikawa kama imechorwa juu ya uso. Fundi akapoteza nafasi ya kuingiza kisu.

Ndiyo maana kwenye meza nyingi kioo kikifa kinabadilishwa chote kwa pamoja, na kinaagizwa Kariakoo kuja na basi. Lakini kuna hali moja inayowatofautisha mafundi. Simu imeanguka, kioo cha juu kimejaa nyufa, na alama ile inaburuzika kutoka kona hadi kona bila kudondoka. Picha nzima, tachi nzima. Kilichovunjika ni ngao tu, kipande cha kioo kilichochovywa kwenye chumvi ya moto ya potasiamu, joto la nyuzi 400 hivi, ili chembe kubwa za potasiamu zijibane mahali pa zile ndogo za sodiamu na kukifanya kigumu. Kukitoa hicho bila kuua vilivyo chini yake ni ufundi wa juu. Simu inalazwa kwenye sahani ya moto mpaka gundi angavu ilainike, kiasi ambacho mkono hauwezi kukivumilia lakini kioo cha picha kinaweza. Uzi wa chuma mwembamba kama unywele unapitishwa kati ya kioo na kioo, unavutwa kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila haraka. Uzi ukiinama, unakata mistari. Ukiharakisha, joto limekwisha na gundi imegoma. Baada ya hapo gundi iliyobaki inaviringishwa kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka itoke yote.

Halafu vumbi. Kiangazi cha Kilosa hakina huruma, na punje moja ikibaki kati ya gundi mpya na kioo kipya itakuwa mbele ya macho ya mteja mpaka siku atakapoiuza simu. Wanaojua hawapulizi kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina mvuke. Wanagusa punje kwa ncha ya utepe na kuiinua. Kazi hii inataka pia mashine ya kubana bila hewa, ili viputo visibaki. Asiye nayo anaipeleka simu Morogoro mjini kwa mwenzake mwenye nayo, na hatujui sisi wateja ni simu zetu ngapi zimewahi kusafiri bila sisi.

Kioo kipya hakibandikwi kabla ya kupimwa. Betri inachomolewa kwanza, mkanda wa kioo unachomekwa, betri inarudishwa, simu inawashwa ikiwa wazi, na alama inaburuzwa tena. Hapa kuna mtego ambao umewahi kuwaumiza wengi: picha inakuja safi, tachi imekufa, au imegeuka, unagusa juu inaitika chini. Kioo si kibovu. Watengenezaji wa simu hununua chipu za kugusa kwa Goodix, FocalTech na wengineo, na simu za jina moja zinaweza kutoka kiwandani na chipu tofauti. Programu ya simu inayomtarajia mmoja haimwelewi mwingine. Fundi makini husoma maandishi madogo yaliyo kwenye mkanda wa kioo cha zamani kabla ya kuagiza, na humtumia muuzaji picha ya maandishi hayo badala ya jina la simu peke yake. Muuzaji akisema “zote ni sawa tu, bosi,” anatafuta mwingine.

Kioo kikipita majaribio, gundi inapakwa ukingoni, mipira inafungwa kuzunguka simu, mteja anaambiwa arudi jioni. Kioo kilichotolewa hakiendi jalalani. Mkanda wake unaweza kuja kufaa, na kijana anayejifunza kazi anapewa akiweke kwenye sahani ya moto na kukipitishia uzi, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka aweze kuitoa ngao bila kukwaruza kilicho chini. Akikiharibu anapewa kingine. Vilivyokufa havijawahi kupungua mezani.